Nani Alikaa Nyuma Lamboni

Shuleni, Bariadi
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka Mashimba,

Mwangaluka. Najua utaisoma jioni ukishatoka kwenye vichanja vya dagaa, lakini mimi naandika asubuhi, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Mimi mzima, kikohozi kimebaki kidogo. Baba alipita wiki iliyopita akitokea mnadani. Alisimama getini dakika tano, kofia mkononi, akaniachia mfuko wa michembe, viazi vile vikavu, na kusema nyumbani Nkololo mhola, salama tu, isipokuwa goti la mayu, mama yetu. Ng'ombe wamebaki tisa. Mabala, jike letu kongwe, bado yupo. Baba anasema siku hizi anatembea kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Na huko Lamadi? Nikifumba macho naliona ziwa, ingawa sijawahi kulifikia. Naliona jeupe, kama shuka lililoanikwa lisilo na mwisho, na wewe umesimama pembeni na daftari lako la usimamizi. Nimewaambia rafiki zangu kaka yangu ni msimamizi. Nina rafiki wawili tu, lakini wote nimewaambia.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita nilichaguliwa kiranja wa maji. Sikuomba. Mwalimu Boniventura alisema, "Milembe hana makundi," darasa zima likaniangalia, nikaangalia kalamu yangu. Hapa tuko wasichana mia nne na kitu, kisima kimoja, mabomba mawili. Pampu ni ya jua, inaamka saa mbili asubuhi na kusinzia saa kumi. Mimi ndiye wa kuhakikisha kila ndoo imepata. Kaka, mimi ni mtu ambaye akiitwa jina darasani huwa anasubiri aitwe mara ya pili, labda yupo Milembe mwingine.

Nimeambatanisha fomu. Juu wanauliza jina, kidato, wadhifa na uzoefu wa uongozi. Pale penye uzoefu nimeweka kistari, sina. Chini ni sehemu ya kujitoa, na inataka sahihi ya mlezi na tarehe. Mlezi kwenye karatasi za shule ni wewe. Nisaidie sahihi tu. Viranja tunaapishwa Jumamosi ya tarehe 14 Septemba, na ukishaapishwa hakuna kutoka mpaka mwaka mwingine.

Usiniulize kwa nini. Kuna kitu kilitokea bombani Jumamosi moja, na sitaki kukiandika.

Barua hii nampa mzee Athanasi, muuza samaki anayekuja na pikipiki kila Jumamosi. Amesema anakujua.

Mdogo wako,
Milembe


Lamadi
28/7/2024

Mdogo wangu Mile,

Mwadila, nami nakupa salamu ya jioni. Mimi mzima, mgongo tu unauma kidogo. Hapa upepo ni mwingi, dagaa wanakauka vizuri. Mwambie baba goti la mayu lipakwe mafuta ya samaki, nitamtuma Athanasi na chupa. Asiinywe. Namjua mayu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimecheka hapo penye Milembe mwingine. Halafu nikasema hapana, huyu mtoto hatoki. Mtoto wa kwetu amepewa cheo halafu akirudishe kama kopo la kuazima? Fomu nimeiweka mahali pazuri.

Sikiliza. Kazi ya kusimamia watu nilijifunza nikiwa kibarua kiwanda cha pamba. Tulikuwa na nyapara mmoja, mtu mfupi, hata kukohoa tulikuwa tunamwangalia kwanza. Siri zake nakupa bure.

Simama kwenye bomba lenyewe. Anayeshika mlango ndiye mwenye nyumba.

Usicheke.

Siku ya kwanza chagua mmoja, mrudishe mwisho wa mstari mbele ya wote. Wengine watajipanga wenyewe.

Mimi hapa nina wanawake thelathini wanaoanika na kugeuza dagaa. Mama Maximiliana, mwenye vichanja, alianza kwa kuanika kwa mikono yake mwenyewe, ila sasa yeye ni wa kukaa na simu. Nikifika tu wanawake wananyamaza wote.

Jaribu hivyo. Tutaongea habari ya sahihi baadaye.

Kaka yako,
Mashimba


Shuleni, Bariadi
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Dagaa uliompa Athanasi nimewapata, wabeja, asante sana. Bweni zima linanuka ziwa, na matroni amezungukia vitanda vyote akitafuta paka. Barua yako nayo inanuka. Nimeiweka chini ya mto na nimeota naanikwa, mtu ananigeuza taratibu, upande huu, upande ule, wala siumii. Baba hajapita tena. Nasikia Nkololo nyasi zimekwisha kabisa, wanalishia ngitili ya babu, malisho yale ya akiba tuliyokatazwa hata kuyakanyaga mpaka kiangazi kikolee.

Nilifanya ulivyosema.

Nilisimama kwenye bomba, nimeshika fimbo. Sikucheka, na hiyo ilikuwa rahisi, sikuwa na la kuchekea. Wa kumrudisha mwisho nilimchagua Jenipha wa Kidato cha Kwanza, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu ni mdogo. Naandika hili ili ulijue: nilimchagua kwa sababu ni mdogo. Alikuwa ametanguliza ndoo yake hatua moja. Nikamrudisha. Alipokaribia tena wakubwa wakamruka, nikadhani ni yeye anasukuma, nikamrudisha tena. Mara ya tatu alijirudisha mwenyewe kabla sijasema. Saa kumi pampu ikasinzia, naye ndoo yake ilikuwa tupu.

Siku mbili zilizofuata hakuja kabisa. Nilimkuta nyuma ya bweni amekaa juu ya ile ndoo, ameigeuza, hajaingia darasani. Zilikuwa siku ambazo msichana hawezi kukaa bila maji. Zaidi ya hapo sikuandikii, wewe ni kaka. Nilimpa maji yangu. Akasema, "Asante, kiranja." Angenitukana ningelala vizuri.

Ndiyo, mstari ulikuwa umenyooka. Walinyooka kama ulivyosema.

Sasa nikuambie na ile Jumamosi, maana nimeshafungua mdomo. Siku ile maji yalikuwa yanaishia kwenye simtanki. Watu wakaanza kusukumana, ndoo zikagongana, mimi nimesimama tu. Kiingereza kilinikimbia. Kiswahili nacho kikakimbia. Kikatoka kitu cha tumboni: nikapiga mluzi wetu ule mrefu, halafu nikasema, "Hoo! Shoka! Shoka!" Rudi, rudi, kama tunavyomwambia ng'ombe akitaka kuingia shamba la mtu.

Kaka, walirudi. Hicho ndicho kinachonitisha. Nusu yao ni watoto wa wafugaji. Miguu yao ilijua kabla ya vichwa. Hatua tatu nyuma, wote kwa pamoja, nikasikia hata tone la bomba. Nitakuambia siri: kwa sekunde ile nilikuwa na furaha. Niliona vumbi la Nkololo, niliona migongo.

Kisha Kwandu wa Kidato cha Nne, yule mrefu anayetokea Mwamapalala, akasema, "Jamani, kumbe tumefugwa?"

Tangu hapo nikiingia bwaloni mtu anaguna kama ng'ombe. Matroni aliniita akaniuliza kama nimewaita wenzangu wanyama. Nikasema hapana. Akauliza, ulimaanisha nini basi? Neno nililokuwa nalo halimo katika lugha yoyote ninayofundishwa.

Niwekee sahihi. Wiki tano zimebaki.

Wale wanawake thelathini wananyamaza ukifika. Wanaponyamaza, huwa wanakuangalia usoni?

Milembe


Shuleni, Bariadi
Jumapili, 1 Septemba 2024

Kaka,

Wiki tatu. Nimejiambia umebanwa na kazi. Mimi sijambo. Mayu anasema goti linaendelea vizuri na kwamba mafuta yale yana ladha mbaya, kwa hiyo unajua alichofanya.

Jana nilimuuliza Athanasi kama amekuona. Akasema, "Nilimwona." Nikauliza, kwenye vichanja? Akaanza kupanga sato wake kwa ukubwa, na walikuwa wameshapangwa. Akasema, "Binti, ziwa ni pana, mtu anaweza kuwa popote." Kisha akaniongezea samaki mmoja bure. Athanasi hajawahi kumwongezea mtu samaki.

Sikuulizi. Nakuandikia jambo lingine.

Mchana kwenye joto, baada ya kula, kuna nusu saa ambapo shule nzima inalegea. Mabati yanalia, nje hewa inacheza juu ya uwanja kama maji, na mimi naliona lambo letu. Nakuona na wewe, una miaka kumi na minne, mimi nane, shuka langu limefungwa shingoni. Ni Septemba, maji yamebaki kama sahani katikati ya tope. Unapiga kelele kule mbele, unarusha mawe, na ng'ombe wote thelathini na mmoja wanakunywa na kushiba, na baba jioni anakupiga bega na kusema, "Huyu ndiye mchungaji." Ninajaribu kukumbuka ulikuwa unafanyaje. Mwalimu Boniventura anatufundisha kwenye kipindi cha Biashara kazi za meneja, kwa Kiingereza, tunaziimba kama kwaya, na kila akisema neno moja mimi naona ng'ombe. Lakini sura yako wakati wanakunywa siioni. Naona mikia yao tu. Nilikuwa wapi mimi?

Zimebaki siku kumi na tatu.

Mile


Lamadi
8/9/2024

Mdogo wangu,

Mimi mzima wa afya. Hii ni barua ya nne kuanza, tatu nimewashia jiko.

Athanasi ni mtu mzuri, mwambie asihangaike tena. Mimi si msimamizi. Niliacha kuwa msimamizi tarehe 20 Julai. Ile barua niliyokuandikia mambo ya nyapara niliiandika nimekaa juu ya gunia, nikiwa mbeba matenga siku ya nane. Mgongo unaouma ni huo.

Ilikuwa hivi. Kuna mama mmoja, Mhoja, ameanika dagaa tangu mimi sijazaliwa. Wiki yangu ya tano nilimkuta amekaa chini wakati wengine wamesimama. Nikaona, huyu ndiye. Wa mfano. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, hapa si msibani, simama au nenda nyumbani." Akajikung'uta mchanga, akaenda kukaa mbali kidogo, chini ya kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Basi wa pembeni yake akakaa. Na mwingine. Wote thelathini, Mile, mmoja mmoja. Nikabaki nimesimama mimi na dagaa. Nilifoka mpaka sauti ikaisha. Jua likaunguza upande mmoja, upande wa chini ukabaki mbichi, na mnunuzi alipofika akachota kiganja kimoja cha dagaa, akakinusa, akawasha gari.

Kumbe Mhoja hukaa chini makusudi. Ukiinama usawa wa kichanja na kuangalia dhidi ya mwanga, unaona dagaa aliyekauka na asiyekauka. Ukiwa umesimama huoni kitu. Nimejua hayo nikiwa mbeba matenga. Amefanya kazi yote ile kwa kukaa.

Mama Maximiliana hakunigombeza. Alizima simu, ndipo nikaogopa. Akaniuliza, "Kijana, kabla ya hapa umefanya kazi gani?" Nikasema kiwanda cha pamba miaka miwili, bodaboda miaka mitatu. Akasema, "Kiwandani ulijifunza kuangaliwa mgongoni. Kwenye bodaboda ulijifunza kujiangalia mwenyewe. Hakuna nyingine?" Nikasema hakuna.

Unaona? Wewe uliweka kistari kwenye fomu, mimi nilikiweka kwa mdomo. Miaka tisa ya kuchunga ng'ombe nikasema hakuna, kwa sababu niliona aibu, nimevaa shati la mikono mirefu.

Na hata hiyo miaka tisa si yangu yote. Umeniuliza ulikuwa wapi. Nilitaka nisikujibu. Ulikuwa nyuma. Mimi nilikuwa mbele napiga kelele, na ng'ombe wakiniona walikuwa wanaingia wote kwa fujo na kulivuruga lambo. Kwa hiyo ukaanza kufanya vyako bila kuniambia. Ulikuwa unawazuia wakubwa kule mbali, kwenye migunga, unatanguliza ndama na wale dhaifu, wanakunywa maji yakiwa bado safi. Dume la mwisho kabisa. Na hukurusha jiwe. Ulikuwa unasimama ubavuni mwa Mabala na mkono shingoni kwake, basi. Akisimama yeye, wote wanasimama. Huikumbuki sura yangu kwa sababu ulikuwa nyuma ya wote thelathini na mmoja. Halafu jioni baba ananipiga bega, na wewe umeshaenda kulala. Sikumwambia. Miaka minane sijamwambia.

Nilipokuandikia usimame kwenye bomba, nilikuwa nakupeleka mbele, kule nilikovuruga mimi.

Mwambie Jenipha pole. Kosa lile ni langu nusu.

Fomu hii hapa. Nimeweka sahihi. Sikuweka tarehe. Ukitaka kutoka, andika tarehe mwenyewe.

Mashimba


Shuleni, Bariadi
Jumapili, 29 Septemba 2024

Kaka Mashimba,

Mwangaluka. Sijambo. Mayu yuko vizuri, baba alipita na habari kwamba Mabala amezaa, mzee vile, ndama ana doa jeupe kwenye paji. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba, na nilipomaliza niliona kengele imeshalia na uwanja mtupu. Nilikuwa nimeketi kule lamboni muda wote huo. Kumbukumbu ilirudi, kaka. Joto la shingo ya Mabala, na lile jasho lake kiganjani.

Fomu ilifika Jumanne, Athanasi aliileta siku isiyo yake, na kuapishwa ni Jumamosi. Nilikuwa na siku tatu za maji katikati.

Jumatano sikwenda kwenye bomba. Nilikwenda nyuma kabisa, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, Kidato cha Nne wanakosimama. Kwandu aliponiona akaguna kama ng'ombe, vizuri sana, kwa kweli anaweza. Wote wakacheka. Nikaweka ndoo yangu chini. Nikamwambia, kwa Kiswahili, "Kwandu, naomba ukae chini. Kidato cha Kwanza watangulie. Ndoo zenu zipangeni, zitasimama foleni badala yenu."

Akasema, "Na kwa nini uniombe mimi? Tuko sitini hapa."

"Ukikaa wewe, watakaa."

Akaweka mkono kiunoni. "Kwa hiyo mimi ndiye ng'ombe wako wa mbele."

Kaka, ningeweza kusema hapana. Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo."

Nikaanza kuhesabu matofali ya ukuta. Halafu Kwandu akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akasema, "Angalau wa mbele! Nyumbani wetu anaitwa Salu, na baba anamsalimia kabla ya mama." Akaipindua ndoo yake akaikalia. Wa pembeni yake akakaa. Basi wakakaa wote, nikakuona wewe na wale wanawake thelathini, nikaumia na kufurahi kwa wakati mmoja.

Wadogo walichota maji yakiwa na nguvu. Wakubwa walikaa kivulini wakisuka nywele. Mimi nilisimama nyuma, ubavuni mwa Kwandu, na nikaona mgongo wa kila mtu. Ukiwa kwenye bomba unaona sura ya mmoja tu, yule anayechota. Ukiwa nyuma unaona nani ameinama, nani hana nguvu, nani ndoo yake imetoboka. Jenipha alipopita na maji yake hakunishukuru. Alisema, "Njia, kiranja," kwa sababu nilikuwa nimemzibia.

Jioni ya Ijumaa nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Boniventura na fomu yako mkononi. Aliisoma, akafika penye sahihi, akafika penye tarehe. Akaniazima kalamu. Akageuka dirishani kama vile kuna kitu kule. Nilisimama hapo na kalamu ya mwalimu, kisha nikamrudishia na kutoka na fomu. Nilikuwa bado naogopa, usidhani. Naogopa hata sasa. Jumamosi wakati wa kiapo sauti haikutoka, mwalimu akaniambia nirudie, na huko nyuma mtu akaguna kama ng'ombe, na nilijua ni nani, na ndipo ikatoka.

Karatasi zimeniishia, kwa hiyo utaona barua hii imeandikiwa nyuma ya fomu yako. Igeuze. Penye tarehe hakuna kitu. Lakini juu, penye uzoefu, kile kistari nimekikata na kuandika: Kuchunga ng'ombe, Nkololo, miaka sita, nyuma.

Mstari ule ni mrefu, umebaki na nafasi. Andika na wako, kaka. Andika na ile mbele, usiifiche. Halafu mpelekee Mama Maximiliana. Akikuuliza huyu Milembe ni nani, mwambie alikuwepo.

Mdogo wako